Mtoto Aliyepimwa kwa Kadi Tatu

Wanangu wauguzi, nitawasalimu baadaye. Kwanza niacheni nimalize hasira.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, kwenye kituo kimoja mjini Tunduma. Sitakitaja, maana hata kingekuwa kingine yangekuwa yaleyale. Nikakaa kwenye foleni kama bibi yeyote, kadi mkononi. Muuguzi alikuwa binti nadhifu, kucha fupi, nywele zimefungwa vizuri, na nilimpenda kabla hajafungua mdomo. Halafu akaufungua.

"Waliopata njano na nyekundu, benchi la nyuma! Kijani bakini hapahapa!"

Wanawake wanne wakainuka, wakavuta khanga kuwafunika watoto wao nyuso, wakaenda nyuma bila kumtazama mtu. Kuna aliyechekwa. Mimi benchi lile nalijua. Niliwahi kuwa na la kwangu, huyo binti akiwa bado hajazaliwa, na nilijiona mjanja sana siku nilipoliweka.

Nimestaafu nikiwa muuguzi mkunga. Nilianzia Itumba, nikashuka mabondeni Momba kwa wafugaji, na miaka mingi zaidi niliimalizia kwenye zahanati moja ya Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa, enzi hizo bado tukiwa mkoa wa Mbeya. Mabondeni nilibandika ukutani picha ya mlo kamili tuliyoletewa kutoka juu. Ilikuwa na samaki mnene, jibini, na matofaa mekundu. Mama mmoja wa Kisukuma akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Nesi, hayo mekundu nyanya au?" Nikamwambia ni matunda ya nchi za baridi. Akaniuliza tena kwa upole, "Sasa mtoto wangu atayafuata huko?" Nje ya mlango ukwaju ulikuwa umezaa mpaka matawi yanainama, na mimi nafundisha matofaa. Ningekuwa na akili ningejifunza siku ile ile.

Mbozi niliwakuta watu ambao huwezi kuwaita wenye njaa. Vihenge vimejaa mahindi. Maharage ya kila rangi. Maparachichi yanaanguka mpaka nguruwe wanayakinai. Na watoto wa nyumba hizohizo wanakunywa uji mweupe wa mahindi, asubuhi mweupe, jioni mweupe, na nguruwe ananawiri kuliko mtoto. Mama yuko kwenye kahawa tangu alfajiri, mtoto ameachiwa dada yake wa miaka sita, mayai yamepakiwa kwenda Tunduma. Ukimuuliza baba anakwambia watoto wanakula, mbona unga upo. Bado nakasirika nikiandika haya, na ninajua kwamba ninyi mnaosoma mmeyaona jana tu.

Aliyenipokea pale ni Mzee Kibona, mtu wa Ileje, muuguzi wa zamani aliyekuwa amebakiza miaka michache kazini. Kila siku ya kliniki alining'iniza kwenye mzani dumu la maji ambalo uzito wake aliujua. Mzani ukisema tofauti, aliugombeza kama binadamu, kisha akaurekebisha. Hilo nililipenda. Lililoniudhi ni kwamba hakumpima mtoto kabla ya kumuuliza mama, "Mama, wewe mwenyewe umekula nini tangu asubuhi?" Kisha alishika miguu ya mtoto, akabonyeza kidole gumba juu ya wayo, mguu huu na huu, akihesabu taratibu mpaka tatu kwa Kindali, lugha ya kwao. Foleni inafika barabarani, yeye anahesabu.

"Mzee," nikamwambia siku moja, "kwa mwendo huu tutamaliza saa ngapi?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo geni kabisa. "Kwani tunamaliza nini, nesi?"

Nilimwona mzee amechoka. Alipostaafu nikashika mimi kliniki ya watoto, nikasema sasa mtaona kazi. Dumu nikaliacha. Maswali nikayafuta. Nilikuwa nimetoka semina, nikawafundisha kina mama unga wa lishe wa nafaka saba: mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya na karanga, vyote kwenye kinu kimoja. Leo mnafundishwa msichanganye hivyo, karanga zikisagwa na nafaka unga unachacha, unaota sumukuvu, na mtoto anaharisha. Mimi niliusifia unga ule kanisani. Waliotii walinitii, watoto wao wakaharisha, nikawaambia hawakuosha vyombo.

Kisha nikaweka benchi. Fikra yangu ilikuwa hivi: mtu akiona haya atajirekebisha. Uzito wa mtoto ukiangukia sehemu nyekundu ya kadi, mama anakwenda benchi la nyuma, anakaa huko mpaka wote waishe, kisha ninamsema mbele ya wenzake. Nikiwa na nafasi ninamsema vizuri. Ulimi wangu mnaujua waliofanya kazi na mimi.

Palikuwa na mama mmoja, Namwinga, wa kitongoji cha juu kabisa, mwembamba, mwenye maneno yake. Siku moja nafundisha makundi ya vyakula, na dirishani nimeweka chakula changu cha mchana, soda na andazi, maana ndivyo tulivyokula na ndivyo mnavyokula hadi leo, tumesimama, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Namwinga akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama nesi, samahani. Na wewe leo umekula makundi mangapi?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Nyani haoni kundule, nami langu lilikuwa dirishani watu wote wanaliona. Ningecheka nao, ingeisha. Badala yake nikangoja zamu yake. Mtoto wake, Neema, alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, na uzito wake ukaangukia kwenye nyekundu. Nikasema kwa sauti ya kufika nje, "Maneno unayo, chakula cha mtoto huna. Benchi la nyuma."

Alikaa pale mpaka mchana amempakata Neema, na mimi nilimaliza soda yangu.

Mwezi uliofuata tulikwenda wenyewe kitongojini kwao kwa kliniki ya mkoba, tukapimia kanisani. Neema amepanda. Mwezi wa pili amepanda tena, katoka kwenye nyekundu. Mwezi wa tatu yuko kijani. Nikamsimamisha Namwinga mbele, nikawaambia wenzake wampigie makofi. "Mmeona? Mama akisemwa anasikia!" Namwinga alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani ni adabu. Mwezi wa nne na wa tano, kitongoji kizima hakikuwa na mtoto hata mmoja kwenye nyekundu. Niliandika ripoti kwa wino mzito. Ripoti ikapanda juu, na juu wakasema wanakuja kujionea.

Ninachotaka mkijue ni hiki: katika miezi hiyo yote nilikuwa nautazama mshale wa mzani. Mshale, kadi, kalamu. Mtoto alikuwa ni kitu cha kuning'iniza ili mshale usogee. Nakumbuka mmoja aliyekuwa ameizoea suruali ya mzani kiasi kwamba ukiileta anainua miguu mwenyewe, huu kisha huu, na mimi nikacheka nikasema huyu mtoto mzoefu huyu. Sikujiuliza uzoefu huo kaupata wapi.

Wageni walikuja na gari, wakakaa kwenye viti vya mbele. Nje ya kanisa wanawake wa kitongoji wanapika pilau, na kuku wameshachinjwa, kuku walewale ambao mayai yao watoto hawakuyala. Nikamwita Namwinga kwanza, mama yangu wa mfano. Akaja na mtoto amevishwa kofia ya sufi, akatoa kadi. Mgeni mmoja, mwanamama mwenye miwani, akaisoma kwa sauti: "Neema! Huyu ndiye Neema wetu?" Akamvua nguo mwenyewe kwa furaha ili amtie kwenye suruali ya mzani.

Neema alikuwa mvulana. Wala hakutuacha na shaka, maana baridi ilipompata alikojoa, na mkojo ukaenda juu na mbele mpaka kwenye daftari la mgeni.

Mtu mmoja akacheka. Mtoto akainua mguu mmoja, akangoja suruali. Jina lake Shukuru. Alikuwa wa wifi yake Namwinga, mtoto mwenye afya, wa pekee aliyenenepa katika nyumba zile, na miezi mitano alikuwa akipimwa kwa kadi tatu: ya kwake, ya Neema, na ya mtoto mwingine wa jirani. Walimbadilisha kofia nyuma ya kanisa. Mistari mitatu kwenye kadi tatu ilipanda pamoja, kilo kwa kilo, na mimi niliichora yote kwa mkono wangu. Wanawake wale walikuwa wamechangiana mtoto mnene kama wanavyochangiana masufuria ya msiba, ili mwenzao asikalishwe kwenye benchi langu.

"Namwinga," nikapiga kelele, "mtoto wako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Amelala, mama nesi. Siku hizi analala sana."

Waliowahi kuwahudumia watoto wameshaelewa. Nilipanda mlima ule nikikimbia, na sare yangu, na wifi yake akiniongoza. Tulimkuta Neema kwenye mkeka pembeni ya kihenge kilichojaa. Miguu imevimba inang'aa, nywele zimekuwa nyekundunyekundu na nyepesi, ngozi ya mapaja inabanduka. Kwashakoo. Nikabonyeza kidole gumba juu ya wayo wake, nikahesabu mpaka tatu, kwa mara ya kwanza tangu Mzee Kibona aondoke. Nilipokiinua, shimo likabaki. Hakulia. Mtoto anayelia bado anakudai, na Neema alikuwa ameacha kudai.

Nikashuka naye mgongoni mpaka kanisani. Nikamwendea dereva nikamwambia twende Vwawa, hospitali. Akasema hawezi kuondoka bila wageni. Nikawaendea wageni. Mmoja wao akaniambia kwa sauti ya kistaarabu, "Sista, chakula kimeshapakuliwa, wenyeji watajisikia vibaya. Tukimaliza tu, tunaondoka."

Na mimi nikangoja. Mimi niliyekuwa na ulimi wa kumsema mama yeyote wa kitongoji, mbele ya wakubwa ulimi ulikauka. Wamekaa wanakula pilau na mapaja ya kuku kwa heshima ya lishe bora, na mimi nimekaa, mnajua wapi? Kwenye benchi la nyuma la kanisa, nimempakata Neema, Namwinga pembeni yangu. Akaniuliza, "Mama nesi, hawa wana njaa sana?" Nimejibu maswali mengi tangu siku ile, lile bado.

Hospitali walimpokea vizuri. Walimpa maziwa dawa, kwa kikombe na kijiko, kidogokidogo kila baada ya saa mbili, wakamfunika asipate baridi. Akaishi siku tatu. Sijui kama muda ule wa pilau ungemwokoa. Nimewauliza madaktari kadhaa, wote wamenijibu kwa namna inayoonyesha kwamba wananihurumia.

Nikamwendea mkubwa wangu wa kazi nikamwambia ripoti irekebishwe. Akafunga faili. "Ripoti imeshaenda, mama. Sasa unataka tuonekane sisi ni waongo?" Kwa hiyo kwenye karatasi, mwaka ule, kitongoji kile hakikuwa na mtoto mwenye utapiamlo. Neema hakuwa mgonjwa na hakufa. Nikapewa khanga ya pongezi, sijawahi kuivaa.

Namwinga alikuja zahanati baada ya matanga. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari. Akanyoosha kadi ya kliniki kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopewa mkubwa kitu.

"Chukua, mama nesi. Huyu wa kijani ni wa kwako. Wa kwangu hakuwa na kadi."

Ninayo mpaka leo. Na nikiwasikia wauguzi wakisema mficha maradhi kifo humuumbua, wakiwasema kina mama, natamani kuwauliza: na aliyemfundisha kuficha, yeye anaumbuliwa na nani?

Benchi nililipasua kuni. Nikarudi kwenye dumu la maji na kidole gumba na swali la Mzee Kibona. Mkiuliza swali lile mtashangaa mnachokisikia. Mama atakwambia hajala kwa sababu ametoka na giza kuwahi foleni yako. Atakwambia mume yuko Zambia. Atakwambia parachichi ni la nguruwe, mtoto akila watu watamcheka, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia: unaliponda palepale, unaonja wewe kwanza, unampa mtoto. Mkumbuke pia kwamba mzani hauyaoni maji. Mtoto aliyevimba ana uzito wa kupendeza, na utepe wa kupimia mkono nao unaweza kukupa njano wakati mguu unasema nyekundu. Mvueni soksi. Ninawasihi, mvueni soksi.

Basi turudi Tunduma. Mjukuu wangu alipata kijani. Nikamfunga mgongoni, nikaenda nikakaa benchi la nyuma, katikati ya wale wanne.

"Bibi, huko siko kwako!" binti akaniita. "Wako ni kijani."

"Ni kwangu, mwanangu. Nimelikalia kabla yako."

Aliyekuwa kushoto kwangu alikuwa mama kijana wa Chapwa, mfanyabiashara mdogo wa pale mpakani, amezoea wateja wa upande wa pili mpaka akaniita bamayo, yaani mama, kama wasemavyo Wabemba. Nikamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe umekula nini tangu asubuhi?"

Akanitazama kwa mashaka kama vile namtega. "Bado, bamayo." Ilikuwa saa saba mchana. Mtoto wake amelala, wa kiume, mashavu yamejaa, soksi nene miguuni. Nikamwomba ruhusa, nikaivua soksi moja. Nikabonyeza. Moja, mbili, tatu.

"Binti," nikaita, "weka chini hicho kishikwambi unachoandikia, njoo."

"Huyo nimeshampima, Bibi, ni njano. Ngoja nimalize foleni."

Mnajua nilichomjibu. Sikupanga, kilitoka chenyewe, kwa sauti ya mtu wa Ileje aliyelala kaburini miaka mingi.

"Kwani tunamaliza nini, mwanangu?"

Akaja, uso umekunjamana, tayari kunijibu. Nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake gumba juu ya mguu wa pili wa mtoto. Akabonyeza. Alipokiinua, shimo likabaki pale, sisi watatu tukalitazama. Uso wake ukakunjuka, akawa mtoto wa shule.

"Nimempima mimi," akasema polepole. "Sasa hivi tu, nimempima mimi mwenyewe."

"Najua. Hata mimi nilipima. Miezi mitano."

Hakuniuliza miezi gani. Akampakata mtoto, akamwambia mama, "Dada, twende," akatoka naye mlangoni anaita gari, na foleni yote ya kijani ikabaki inashangaa. Mimi nikawaomba wale mama watatu tuinuke, tukalibeba benchi, tukalileta mbele.

Jana yule mama wa Chapwa alinipigia simu kutoka hospitali. Anasema mtoto analia, wodi nzima haina raha, hataki kungoja zamu ya maziwa, akikiona kikombe anakirukia. Alikuwa anaomba radhi kwa kelele. Nikamwambia mwache alie, mwanangu, mwache adai.

Sasa hasira imepungua kidogo, nawasalimu. Hamjambo, wanangu? Na ninyi wenyewe, mmekula nini tangu asubuhi?